Behewa Lenye Sauti

Amri alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, peku, mgongo ukutani. Mkanda na viatu vyake vilikuwa kaunta. Sajenti Tusekile alimpitishia kikombe cha chai kati ya nondo, akageuza ndoo juu chini na kuikalia.

"Jumatatu saa tatu wanakupeleka mahakamani," alisema. "Leo Jumamosi. Kesho watu wote wako kanisani. Kwa hiyo nina leo tu."

"Mimi kesho siendi kanisani, afande. Niulize hata kesho."

"Wewe nimeshakuuliza. Nieleze tena hilo behewa."

Amri alikuwa fundi redio wa soko la Tukuyu, mtu wa miaka thelathini na kidogo. Baba yake alikuja na nguo za kuuza kutoka Lindi, akaoa, akabaki. Mtoto alikataa nguo, akashika redio, na kwa miezi mitano ya mwaka huu wa 2004 alikuwa akishika treni za Mzee Alinanuswe.

Mzee huyo aliendesha treni miaka kumi na tisa. Alipostaafu alirudi kwake Bulyaga, akajenga juu ya meza reli ndogo yenye milima, madaraja na mahandaki. Treni zenyewe aliachiwa na mhandisi mmoja Mjerumani wa misheni aliyerudi kwao. Mwaka jana Mjerumani huyo akatuma kifurushi chenye vifaa vipya na kitabu. Mzee alikifungua, akaangalia, akamwita Amri.

"Zamani ulikuwa unazungusha kitasa cha transfoma," Amri alisema. "Umeme ukiongezeka, treni inakwenda. Ukipungua, inasimama. Ukiweka vichwa viwili, vyote viwili vinakwenda hata kama unataka kimoja. Sasa umeme umejaa kwenye reli muda wote, na kila kichwa kina namba. Unabonyeza namba kwenye kisanduku, maagizo yanapita humohumo relini, anasikia mwenye namba yake. Wengine wanakaa kama hawajaitwa."

"Na sauti?"

"Hivyohivyo. Kitufe hiki injini inaunguruma, hiki breki, hiki honi. Tulikwenda na mzee stesheni ya Mbeya na kinasa sauti. Rafiki zake wakampandisha kwenye injini ya kweli, akapiga honi mwenyewe. Mbili fupi, moja ndefu inayoshuka. Nikaisafisha kwenye kompyuta, nikaiingiza kwenye ubongo, yaani kile kidude kinachopokea maagizo ya namba. Lakini kile kichwa kidogo, afande, kimejaa mota. Ubongo haukuenea, spika haikuenea. Nikaviweka kwenye behewa la kwanza nyuma yake. Spika ya simu ya mkononi, kama kifungo cha shati. Nikaijengea kijumba cha plastiki, maana bila kijumba inalia kama mbu. Nyaya zinatoka behewani, zinaingia kwenye kichwa kwa plagi. Ukichomoa behewa, kichwa kimekufa."

"Na behewa lenyewe, bila kisanduku?"

"Bubu."

"Aliyeliiba atalifanyia nini?"

"Ataliangalia."

Tusekile aliandika. Juzi Alhamisi mzee aliwaita watu kuja kuona treni inayolia. Jana Ijumaa alikwenda mazishini Kiwira, akarudi saa nane, akakuta kufuli lipo mlangoni, zima, na behewa halipo. Funguo zilikuwa mbili, wake na wa Amri. Alikwenda sokoni moja kwa moja na mgambo wawili. Amri alichukuliwa mbele ya wateja wake, redio ya mtu ikiwa wazi mezani.

"Mzee anasema ulimwonea wivu. Alhamisi alisifiwa yeye, wewe hukutajwa."

"Sikutajwa."

"Iliuma?"

"Iliuma. Miezi mitano, afande. Lakini mtu hapasui ngoma aliyoiwamba kwa sababu amesifiwa mpigaji."

Tusekile alichukua kikombe, akaondoka.

*

Mzee Alinanuswe alimpokea kwa suruali iliyopigwa pasi na saa ya mfukoni. Chumba cha treni kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, nondo zote nzima. Meza ilijaa chumba. Upande mmoja reli ilipanda mlima wa udongo na karatasi, na pale mteremkoni treni ilikuwa imesimama: kichwa mbele, kisha pengo, kisha mabehewa manne.

Kisanduku cha vitufe kilikuwa mezani, wazi kwa kila mtu.

"Hiki hakikuchukuliwa," Tusekile alisema.

"Hakikuchukuliwa."

"Fundi anajua behewa ni bubu bila hiki. Kwa nini akiache?"

"Aliharakishwa."

"Na nani? Wewe ulikuwa Kiwira."

Tusekile aliinama. Nyaya za plagi hazikukatwa wala hazikuachwa zikining'inia. Zilikunjwa duara na kutundikwa kwenye kindoano cha nyuma ya kichwa. Na chini ya magurudumu ya mabehewa manne yaliyobaki, upande wa mteremko, palikuwa na vipande viwili vya njiti za kiberiti. Konstebo aliyekuja jana aliandika kwenye ripoti: takataka.

"Hivi vijiti ni nini?"

"Takataka," mzee alisema, kabla swali halijaisha.

"Mezani kote hakuna vumbi, mzee."

"Wageni walikuwa wengi."

"Wataje wageni."

Alitaja kumi na wanne. Wazee wa kanisa, majirani, mwalimu mstaafu, Mudathiri fundi wa Kiwira. Tusekile aliwaandika wote. Kisha alikwenda jikoni, ambako mke wa mzee, Tupokigwe, alikuwa akimenya ndizi, beseni likiwa katikati ya miguu.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Kaa."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Hukumwona mtu?"

"Ndizi zina utomvu, mwanangu. Ukizimenya unaangalia kisu."

Nyuma ya mlango wa jikoni lilining'inia koti la kazi la mzee, la bluu, limechakaa viwiko. Tusekile alilitazama, akalitikisa. Mfukoni kulikuwa na ufunguo.

"Mazishini alikwenda na koti gani?"

"La suti," Tupokigwe alisema, akachukua ndizi nyingine.

*

Mudathiri wa Kiwira alikuwa mnene, mcheshi, na duka lake lilitazama barabara ya Mbeya. Alipomwona Tusekile akishuka kwenye pikipiki ya kituo, alizima pasi ya kulehemu.

"Nimekusubiri tangu asubuhi, afande. Kila mtu anajua mimi na Amri hatupikiki chungu kimoja."

"Ulitaka kazi ile?"

"Niliitaka mpaka nikaota. Mzee alikuja kwangu kwanza. Nikamwambia haiwezekani, ubongo hauenei. Halafu Amri akauweka kwenye behewa. Kitu rahisi hivyo. Andika hapo kwamba namwonea wivu, andika kwa wino. Lakini wivu wangu ungebeba kisanduku. Ukiwa na kisanduku na kitabu chake unajifunza. Behewa ni sanduku la njiti tu, lina spika ya simu iliyokufa."

"Alhamisi ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Na treni sikuiona."

"Ulifumba macho?"

"Nilikuwa naangalia watu wanavyomsifu mzee kwa kazi ya mwenzangu. Mtu mwenye wivu haangalii ngoma, anaangalia wanaoshangilia." Alicheka peke yake, akaacha. "Nikuambie kitu. Honi ilipolia mara ya kwanza, mama mmoja alisimama. Si kusimama kwa furaha. Alisimama kama mtu aliyesikia hodi nyumbani kwake. Akajitengeneza kitenge, akaangalia mlangoni. Halafu akakumbuka yuko wapi, akakaa."

"Mama gani?"

"Jina lake silijui. Alikuja na mumewe, wa Masukulu, mfanyakazi wa zamani wa reli. Mumewe alikuwa anamtazama. Mke wa mzee naye alikuwa anamtazama. Mimi nikawatazama wote watatu. Waliondoka kabla ya chai, na chai ilikuwa na maandazi."

Tusekile alifungua daftari, akasoma majina kumi na manne mara mbili. Hapakuwa na mtu wa Masukulu.

*

Masukulu mvua ilikuwa imetoka kupita. Njia ilikuwa utelezi, na Tusekile aliiacha pikipiki dukani, akapanda kwa miguu. Muuza duka alimwelekeza: Amoni wa reli, nyumba ya mwisho kabla ya mto, ana mkokoteni.

Alimkuta njiani, mbele yake, mwanaume mrefu wa miaka hamsini na kitu, akivuta mkokoteni wa mikungu ya ndizi kwa kamba. Katikati ya mlima mtu yule alisimama kupumzika. Bila kuangalia chini alisogeza mawe mawili kwa mguu, moja kila gurudumu, upande wa mteremko. Kisha akaikunja kamba duara, akaitundika kwenye ndoano ya mkokoteni. Ndipo akajifuta jasho.

Tusekile alisimama. Alisubiri mpaka apumue vizuri.

"Bwana Amoni. Sajenti Tusekile, kituo cha Tukuyu."

"Nimekuona tangu dukani."

"Ulifanya kazi reli."

"Miaka kumi na mmoja. Msaidizi wa dereva."

"Dereva nani?"

"Unamjua. Ndiyo maana umekuja."

"Kwa nini uliweka kabari?"

Amoni aliyatazama mawe.

"Si hizo. Za jana. Njiti mbili za kiberiti chini ya mabehewa manne."

Mtu yule alifikiri. Ilionekana kweli hakumbuki.

"Niliweka?"

"Uliweka. Na nyaya ukazikunja ukazitundika, kama hiyo kamba."

"Mikono hiyo," Amoni alisema. "Ukikata behewa mlimani, huyaachi yaliyobaki bila kabari. Yatakufuata. Na bomba la breki halilali chini. Ukiliacha chini jioni unaitwa ofisini."

"Yalikuwa ya kuchezea."

"Yalikuwa mlimani."

Wakavuta mkokoteni pamoja mpaka nyumbani. Mke wake, Esnath, alikuwa uani akianua maharage yaliyoloa. Aliwaona, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na kanga, na ndani ya kanga behewa la kahawia, urefu wa kidole, likiwa na plagi yake.

"Lichukue, afande," alisema. "Tangu Alhamisi humu ndani hakuna anayezungumza. Jana ameniletea hili liseme badala yake."

"Lilisema?"

"Aliliweka mezani, akakaa mbele yangu, akaniambia, haya, piga honi tusikie. Tukakaa. Tukakaa mpaka uji ukapoa. Nikamwambia Amoni, labda lina njaa."

Amoni alikuwa akitazama mikungu yake. "Nilidhani sauti imo humo. Nilitaka ilie tukiwa wawili tu, yeye mbele yangu, nimwone uso."

"Uso uliuona Alhamisi," Tusekile alisema.

"Niliuona."

Kisha akasema mambo yote kwa mkupuo, kama anayetua mzigo. Walikaa Mlimba, kwenye nyumba za reli. Zamu yake ikiwa ya mapumziko alikuwa Makambako au safarini kwao, na Alinanuswe alipita na msaidizi mwingine. Akipita alipiga honi hiyo, mbili fupi, moja ndefu inayoshuka. Siku moja Amoni alikuwepo nyumbani, akaisikia, baadaye akamwuliza ni ya nini.

"Akasema ni salamu ya mkewe. Akikaribia Mbeya anampigia. Nikamwuliza, mbona unampigia Mlimba na mkeo yuko Tukuyu? Akasema anafanya mazoezi."

"Ukamwamini."

"Alikuwa dereva wangu."

Esnath aliendelea kuokota maharage, moja moja.

"Mlango nani alikufungulia?" Tusekile aliuliza.

"Ulikuwa wazi."

"Ulifungwa kwa kufuli. Na baada yako ukafungwa tena."

"Ulikuwa wazi, afande. Mama yule alikuwa jikoni anamenya ndizi. Sikumwuliza kitu na hakuniuliza kitu. Unifunge mimi. Yeye simtaji. Tuliumwa na nyoka mmoja."

"Umeshamtaja. Ulijua fundi yuko mahabusu?"

"Nilisikia jana jioni."

"Ukalala."

"Sikulala," Amoni alisema. "Lakini sikuja."

*

Ilikuwa saa kumi kasoro alipoliziba pengo lile la mezani kwa kuliweka behewa mahali pake. Hakuchomeka plagi. Alinanuswe alikuwa amesimama mlangoni, mkewe nyuma yake.

"Umelipata," mzee alisema. "Ndaga fijo, asante sana. Mwambie Amri nimemsamehe."

"Amri hakuliiba."

"Basi nimefuta. Nipe nisaini."

"Huulizi nani?"

Mzee aliitoa saa yake, akaiangalia, akairudisha.

"Wewe ni dereva wa miaka kumi na tisa," Tusekile alisema. "Uliingia humu jana saa nane ukaona mabehewa yametiwa kabari upande wa mteremko na nyaya zimetundikwa. Konstebo wangu aliona takataka. Mimi niliona vijiti. Wewe ulimwona Amoni, hapohapo, kama vile amesaini jina. Ndiyo maana hukumtaja kwenye wageni. Ukafunga mlango, ukaenda sokoni kumkamata fundi."

"Ningesemaje?"

"Ungesema Amoni."

"Wangeniuliza kwa nini Amoni anichukie."

"Ndiyo. Wangekuuliza."

"Amri ni kijana. Angekaa siku mbili tatu. Ningefuta kesi Jumatatu asubuhi, hata hivyo nilipanga."

"Mkewe amelala nje ya kituo jana. Ulipanga na hilo?"

Tusekile alimgeukia Tupokigwe.

"Na wewe mama. Ufunguo ulikuwa kwenye koti la kazi."

"Ndiyo," Tupokigwe alisema. "Niliutoa, nikafungua, nikarudi kwenye ndizi. Alipotoka nikafunga. Ningefungulia hata angekuja kuchoma meza yote." Sauti yake haikupanda. "Miaka kumi na tisa nilikaa hapa na mashamba yake na mama yake. Kila akija likizo namwuliza, honi yenu inaliaje? Nami nilitaka kuisikia. Anasema, ni honi tu, mke wangu. Alhamisi ndiyo nimeisikia. Na aliyeitambua si mimi."

"Ukamwacha Amri afungwe."

"Nilimwacha. Nilikuwa nasubiri huyu aseme mwenyewe. Nikasema hataweza kumwacha kijana wa watu kwa ajili ya aibu yake. Akaweza. Na mimi nikaweza."

Tusekile aliweka fomu mezani, kando ya kisanduku. Alinanuswe alisaini haraka, herufi nzuri za mtu aliyejaza vitabu vya safari maisha yake yote. Kisha akaisukuma fomu, kama mtu aliyemaliza.

"Bado," Tusekile alisema. "Karatasi inamtoa mahabusu. Haimtoi mdomoni mwa watu. Nani atampelekea redio fundi aliyekamatwa kwa wizi? Ulimkamatia sokoni, utamwachia sokoni."

"Leo ni siku ya soko."

"Na jana ilikuwa siku ya soko?"

"Jana watu walikuwa wachache."

"Basi leo watasikia wengi."

Tupokigwe alikuwa ameshafunga kilemba. "Twende," alimwambia mumewe.

Walishuka Bulyaga kwa miguu, watatu, kwenye ukungu uliokuwa ukiteremka kutoka Rungwe. Tusekile alipitia kituoni. Amri alivaa viatu kaunta, akavuta mkanda, na Hasina mke wake akamshika mkono wa shati kana kwamba mtu angemrudisha ndani. Sokoni kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa turubai, na redio ya yule mteja ilikuwa bado mezani, wazi, imeingia unyevu. Watu walianza kusogea hata kabla hawajaitwa. Waliwahi kumwona Alinanuswe akija na mgambo. Sasa alikuja na mkewe na polisi.

Mzee alivua kofia.

"Amri hakuiba," alisema.

"Sema kwa sauti, baba," mwanamke mmoja muuza viazi alisema. "Jana ulikuwa na sauti."

"Amri hakuiba. Nilimsingizia."

"Aliyeiba nani?" Hasina aliuliza.

Alinanuswe alimtazama Tusekile. Tusekile alikuwa akiandika kwenye daftari, na hakuinua kichwa.

"Nani?" Hasina alirudia. "Maana mume wangu akiamka kesho wataanza tena. Watasema alisamehewa."

"Ni Amoni wa Masukulu," mzee alisema. "Alikuwa msaidizi wangu. Nilijua tangu jana."

"Ulijua," Amri alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Ukaja kwangu."

"Nilijua."

"Kwa nini mzee? Mimi na wewe tumekula sahani moja miezi mitano."

Ukungu ulikuwa umefika kwenye mabati. Muuza viazi aliacha kupanga viazi. Tupokigwe hakuwa akimtazama Amri wala Hasina wala watu. Alimtazama mumewe mdomoni, kama mtu anayesubiri kitu kitoke huko, na mumewe aliona, akajua kwamba swali si la Amri peke yake.

"Kwa sababu nilichukua mke wa Amoni," alisema. "Kule Mlimba. Miaka sita."

Hakuna aliyecheka. Amri alilikunja turubai la kibanda chake, akaliweka chini, akaanza kuifuta ile redio ya mteja kwa pindo la shati.

"Sita," Tupokigwe alisema. "Tangu Alhamisi nahesabu likizo ulizokosa kuja. Mimi nilihesabu miaka minne."

Akageuka, akaanza kupanda mlima wa Bulyaga peke yake, bila haraka.